Bidoni Kumi za Maji

Askari wangechelewa hata nusu siku tu, habari hii isingekuwepo. Lakini tangu lini askari wa vita akachelewa kufika pale asipohitajiwa? Walifika saa tatu asubuhi, watu sita, wakaegesha jipu yao mbele ya kituo cha afya cha parokia, na mkubwa wao akauliza kwa sauti:

"Ni nani hapa anatengeneza bomu kwa baiskeli?"

Hakuna aliyecheka. Ignace alikuwa amepiga magoti juu ya bati, anajaza zege katika visanduku sita vya chuma vya kupimia, na kulisindilia kwa fimbo. Constance, mke wake, alisimama nyuma yake ameshika daftari. Alimwona mumewe akiinuka polepole, akijifuta mikono kwenye suruali, na akajua kwamba siku imeharibika.

"Si bomu, chef," Ignace alisema. "Ni majivu ya maganda ya muchele. Mimi ni mwalimu wa ujenzi kule institut. Majivu hii inakomalisha simenti."

"Majivu inazungushwa ndani ya pipa na mabiye ya chuma? Mutaa muzima iko inasikia kelele. Panda."

Pipa lilikuwa la kweli. Lilikaa uani kwao, limefungwa kwenye fremu ya baiskeli, ndani yake gololi za malori yaliyokufa, na kwa kuwa umeme ulikuwa hadithi tu tangu vita ya pili ianze, nyumba nzima ilipokezana kupiga pedali: Ignace, Constance, na binti yao Joviale akitoka shule. Majivu yalisagwa siku tatu mfululizo mpaka yakawa laini kuliko poda ya mtoto. Kabla ya vita rafiki mmoja wa Ubelgiji alikuwa amemtumia Ignace makala yaliyosema kwamba punje zikiwa ndogo hivyo huingia kwenye matundu ambayo simenti yenyewe haiyafikii, na kuyaziba. Zinapimwa kwa nanomètre. "Chukua meta moja, uikate vipande miliari, milioni mara elfu," Ignace alipenda kueleza, hata kwa watu waliokuja kuomba chumvi. Ndiyo maana mtaa ulimbatiza jina Papa Nanomètre, na haukumbatiza kwa heshima.

Lakini mwaka ule wa 2000 simenti ilikuwa inavuka mpaka kwa kupenda kwa wenye bunduki. Abbé Théodore, paroko, alitafuta miezi mitano akapata magunia kumi na manane tu, wakati chumba cha kuzalia kilihitaji dalle, yaani paa la zege, la magunia thelathini. Bati za zamani zilikuwa zimeibwa, na akina mama walizaa chini ya turubai. Ndipo Papa Nanomètre alipoitwa, tena kwa unyenyekevu, unga wake uzibe pengo hilo.

Sasa alikuwa anapanda jipu. Aligeuka kwa Barthélemy, fundi mwashi, mdogo wake Constance.

"Shemeji, sikia vizuri. Unga huu unakunywa maji kama mulevi. Utaona beton inakuwa nzito, inakauka, utasema imekufa. Haijakufa! Mugonge tu na miti. Gunia moja, bidoni moja na litre saba. Hata kikombe kimoja juu yake, hapana."

"Nimesikia, shemeji."

"Na isisimame katikati. Lazima iishe leo." Halafu akamtazama mkewe. "Mama Joviale, maji iko mikononi mwako."

Jipu ikashuka mteremko.

* * *

Bomba zilikuwa kavu wiki ya tano. Maji yalitoka ziwani, na kutoka ziwani hadi pale ni mlima wa kukata pumzi, bidoni, yaani dumu la lita ishirini, mgongoni, mkanda ukiuma paji la uso. Ignace alikuwa ameomba wamama ishirini na watano, bidoni moja kila mmoja. Constance, ambaye ndiye alikuwa rais wa wamama wa parokia, alitangaza baada ya misa. Wakaja thelathini na watano. Nani angewarudisha? Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutaka chumba kile kipate paa.

Mpaka saa sita magunia kumi na mawili yalikuwa yameshapanda juu. Zege lilikuwa kama Ignace alivyosema: zito, kaidi, lenye rangi ya kijivu cha risasi. Vijana wa kwaya waliokuwa wanachanganya walikuwa na malengelenge viganjani, na midomo yao ilianza kusema yale ambayo hayasemwi mbele ya paroko.

Barthélemy akashuka ngazi kwa dada yake. "Yaya, hii beton inakataa kutembea. Watu wamechoka. Niilainishe kidogo tu?"

"Ignace amesema hapana."

"Ignace iko mwalimu. Mimi nimeanza kuchanganya beton nikiwa na miaka kumi na sita. Beton kavu inabakisha matundu."

"Barthélemy, nimesema hapana. Gongeni."

Akarudi juu ananung'unika. Constance alijisikia vizuri. Alikuwa ameshika neno la mumewe. Na angeendelea kulishika, naapa angelishika, kama Maman Colombe asingefika dakika ile.

Maman Colombe alikuwa na miaka sabini kasoro. Ndiye alikuwa wa mwisho. Alipanda akisimama kila hatua kumi, shingo imekakamaa chini ya mkanda, na alipofika alisimama tu akingoja atuliwe mzigo.

Constance alimtua. "Aksanti sana, Maman. Sasa pumzika kivulini. Maji imetosha, hii tutaiweka kwa kunawa."

Mama mzee akamtazama. "Imetosha?"

"Ndiyo, Maman. Papa Joviale ameacha kipimo."

"Ya wengine imeingia, ile yangu ndiyo imetosha?" Sauti yake haikupanda. "Constance, Gloire yangu alifia pale chini ya turubai, na mvua inamunyeshea, na mutoto hajatoka. Mimi nimesema maji yangu itaingia kwa ile dalle. Nimetoka nayo chini kabisa na huu mugongo. Sasa unaniambia ya kunawa?"

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa mahali pengine ataliona dogo: kumrudishia mwanamke maji aliyoyabeba mgongoni kwa ajili ya kazi ya watu wote ni kumwambia mbele ya watu wote kwamba yeye si mwenzao. Angekutukana ungesahau, hilo halisahauliki. Constance alilijua. Alijua pia kipimo. Alisimama kati ya viwili hivyo na jua likimpiga kisogoni, akamwona akilini Gloire, binti wa Colombe, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha darasa la nne, na moyo wake ukakata shauri kabla ya kichwa.

Bidoni moja, alijiambia. Bidoni moja katika dalle nzima itafanya nini?

Akaibeba mwenyewe, akaimwaga juu ya mchanganyiko. Zege likalegea, likang'aa, likaanza kutiririka vizuri kwenye makoleo. Vijana wakapiga kelele za furaha. Barthélemy akacheka kutoka juu: "Ee, yaya! Sasa tunajenga!"

Maman Colombe akaketi chini, akafumba macho. Wamama tisa waliokuwa bado na bidoni zao zimejaa wakamtazama Constance. Mmoja wao akauliza, kwa upole kabisa:

"Na yetu?"

Angejibu nini? Kwamba marehemu wa Colombe anawashinda marehemu wao? Zote kumi ziliingia. Ziliingia katika magunia sita ya mwisho, upande wa dirisha, pale ambapo kitanda cha kuzalia kingewekwa. Saa tisa kazi ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanaimba.

* * *

Ignace alirudi saa kumi na moja jioni kwa miguu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na meno, na ulimi. Constance alidhani amepigwa.

"Hawakunipiga," alisema. "Walinilisha."

Walikuwa wamechukua gunia moja la unga wake kama ushahidi. Mkubwa wao alisema kama si bomu wala si sumu, basi ni chakula, na mwenye chakula haogopi kukila. Wakaleta kijiko cha supu. Vijiko vitatu, mbele ya wachapaji wa ofisi, na wachapaji walilazimishwa kuhesabu kwa sauti. Kuna mwanamke mmoja kati yao ambaye Ignace alikuwa amemfundisha mdogo wake.

"Huyo hakuhesabu," alisema. "Aliangalia tu ukuta."

Kisha akatapika karibu na mlango, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, mwenye diploma mbili. Constance alimshika kichwa. Alimwonea huruma. Alipomaliza kutapika, kitu cha kwanza alichouliza, hata kabla ya kusukutua kinywa, kilikuwa:

"Maji?"

"Kama ulivyosema," Constance akajibu.

Neno lilitoka lenyewe. Angeweza kulirudisha dakika ile ile, lakini mumewe alishampa mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yalikuwa yamelegea.

* * *

Zege hungojewa siku ishirini na nane. Zikipungua, fundi mwenye akili haondoi miti inayolishikilia. Ignace alizihesabu kwa mkaa ukutani. Kila asubuhi alikwenda kumwagia dalle maji kidogo, na alasiri alikwenda institut kutazama vibe vyake sita, yale matofali ya zege ya kupimia yaliyotoka katika visanduku, vilivyolala ndani ya fut, pipa la maji, kama mayai yanayoatamiwa.

Siku ya ishirini na nane alivivunja. Mashine ya institut ya kubana zege mpaka livunjike ilikuwa ya kupampu kwa mkono. Ilikuwa imepona uporaji kwa sababu hakuna mwizi aliyeweza kuinyanyua. Simenti ile tupu, bila unga, ilikuwa ikivunjika sindano ya kipimo ikifika ishirini na mbili. Kibe cha kwanza cha Ignace sindano ilipita ishirini na mbili, ikapita thelathini, na mwanafunzi aliyekuwa anapampu akaanza kumtazama mwalimu wake kwa hofu.

"Pampu!"

Kilivunjika kwenye arobaini na moja. Cha pili arobaini. Cha tatu arobaini na mbili. Ignace alitoka nje, akajishika kwenye ukuta, akalia.

Jioni ile nyumba ilijaa. Abbé Théodore alikuja na chupa ya divai ya misa ambayo haijabarikiwa. Alisema watu wa shirika moja la Ibanda, wenye fedha za kujenga zahanati nne, watakuja Jumamosi kuona miti ikiondolewa. Majirani waliomwita Papa Nanomètre walimwita Monsieur l'Ingénieur, na yeye, maskini, aliwasamehe wote papo hapo na kuwaeleza tena habari ya meta na vipande miliari.

Constance aliwagawia vikombe. Tabasamu alikuwa nalo, lakini kichwani alikuwa anahesabu saa. Vile vibe vilijazwa saa tatu asubuhi, kabla ya jipu. Havikuonja bidoni hata moja ya zile kumi. Kati ya watu wote waliokuwa wakinywa pale, yeye tu na Barthélemy ndio waliojua kwamba kilichovunjwa institut na kilichoko juu ya chumba cha kuzalia si kitu kimoja.

Kesho yake, baada ya misa ya asubuhi, alimvuta mdogo wake nyuma ya kanisa.

"Nitamwambia Ignace leo."

"Utamwambia nini? Kama ulimudanganya mwezi muzima?"

"Barthélemy, ile upande wa dirisha..."

"Yaya, nimeigonga na nyundo. Inalia muzuri. Beton ni beton. Kama kila dalle yenye imeongezewa maji ingeanguka, huu muji ungebakia na nyumba gani?" Akamshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na Constance ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. "Miaka mbili watu banamucheka ule mwanaume. Leo banamusalimia. Muache afurahi. Na mimi pia, wakijenga zile zahanati ine, fundi ni nani? Muke wangu Eulalie iko na mimba, unajua."

Constance alikubali. Na ukweli usemwe: alikuwa amekwenda pale akitamani akatazwe.

* * *

Jumamosi ilikuwa ya jua safi. Wageni wa Ibanda walikuja na gari jeupe na viatu vyeupe. Wamama walivaa vitenge vya parokia. Abbé Théodore alinyunyiza maji ya baraka kwenye kuta nne, akasogea kando.

Mafundi wa pale wana desturi yao. Mti wa mwisho unapogongwa, aliyechanganya zege husimama chini yake, katikati, mikono kiunoni. Hakuna karatasi wala sahihi. Mwili wake ndio dhamana. Ignace alikuwa ameshavua koti lake.

"Kaa, shemeji," Barthélemy alimzuia akicheka. "Weye ni wa daftari. Mwenye kuchanganya ni mimi."

"Unga ni wangu."

"Na makoleo ni yangu. Desturi ni desturi."

Watu wakashangilia. Barthélemy akaingia. Mlangoni aligeuka kidogo, akamtazama dada yake, mara moja tu, na Constance akaona kwamba hacheki tena. Kumbe hata yeye alikuwa anaogopa. Aliingia kwa sababu anaogopa: kama kuna wa kulipa, asiwe Ignace.

Constance akafungua kinywa. Hapo ndipo ilikuwa nafasi yake, na ilikuwa nafasi nzima, haikuwa nusu. Ingekuwa ni aibu tu: wageni wangerudi Ibanda, mumewe angeinamisha kichwa, mtaa ungecheka mwaka mwingine. Lakini wamama walianza wimbo, Maman Colombe akiwa mbele anapiga makofi, na sauti ya Constance ikakosa pa kupita. Au hakuitoa. Yeye mwenyewe baadaye hakuweza kujua.

Waligonga miti ya katikati kwanza, wakitumia kamba ndefu kutoka nje. Ikatoka. Wakagonga ya ukuta wa mlango. Ikatoka. Ilibaki mitatu ya upande wa dirisha. Wa kwanza ulitoka kwa shida, kama kwamba kuna kitu kimeukalia. Ignace, aliyekuwa anatazama dari kutokea mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ngojeni." Kisha akapiga kelele, "Ngojeni! Barthélemy, toka!"

Mti wa pili haukungoja kugongwa. Nusu ya dalle ilikunjika kwenye nondo zake chache, ikashuka.

Vumbi lilipotulia, vijana wa kwaya walichimba kwa mikono. Zege lilikuwa linapukutika wanapolishika, kama mkate mkavu. Barthélemy alitolewa baada ya robo saa. Daktari wa kituo aliweka sikio kifuani pake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa heshima ya watu waliokuwa wanatazama.

* * *

Walimzika Jumatatu. Kanisani, kabla jeneza halijatoka, Ignace alisimama bila kuitwa.

"Ni unga wangu," alisema. "Kitu kidogo kilishika, kitu kikubwa kimeanguka. Nilivunja vibe nikajidanganya. Nimemuua shemeji yangu, na nimewaharibia wamama simenti yao. Mwenye kuwa na neno, aniambie mimi, asiambie mutu mwingine."

Eulalie, mjane, tumbo likiwa mbele yake, alimwendea na kumtemea mate kifuani. Ignace hakuyafuta. Constance alikuwa benchi la kwanza. Magoti yalimwambia simama. Alibaki amekaa.

Mtaa haukukosa la kusema. Kwenye kizuizi cha askari walimpigia saluti Ignace akipita: "Tulisema iko bomu!" Wageni wa Ibanda waliandika barua ya pole, mistari minne. Maman Colombe alikwenda kushona lile turubai la kuzalia.

Jumatano alasiri Constance alimkuta mumewe uani. Alikuwa amekata kamba za fremu ya baiskeli na kulimimina pipa kwenye mfereji wa maji machafu. Magunia mawili ya unga yalikuwa yamefuata. Karibu na miguu yake kulikuwa na rundo la madaftari, miaka minane ya kazi, kurasa ambazo hata Joviale alisaidia kuchora mistari, na juu yake chupa ya petroli.

"Haikuwa unga," Constance alisema.

"Acha, Mama Joviale. Usinibembeleze."

"Si kukubembeleza. Ni maji. Siku ile ulipochukuliwa niliongeza maji. Mimi, kwa mikono yangu. Maman Colombe alileta yake, nikashindwa kumurudisha, halafu wengine wakaleta. Nikakudanganya. Barthélemy alijua, ndiyo maana aliingia kule chini." Akasogea karibu naye. "Nipige. Niite muuaji mbele ya watu. Nitakwenda kwa Eulalie, nitasema yote. Lakini usichome."

Constance alimngoja. Kwa siku nne alikuwa analitamani kofi lake kama mgonjwa anavyotamani usingizi.

"Bidoni ngapi?" Ignace akauliza.

"Kumi."

"Zimejaa?"

"Zimejaa."

"Ndani ya magunia ngapi?"

"Sita ya mwisho. Upande wa dirisha."

Akaketi juu ya pipa. Midomo ikaanza kutembea bila sauti. Lita mia mbili, gawanya kwa sita, ongeza ishirini na saba. Constance aliuona uso wa mumewe ukibadilika polepole, na mwanzoni hakuelewa anachokiona, kwa sababu hakutarajia kukiona siku ile. Ilikuwa ni furaha.

"Kwa hiyo unga ni muzuri," alisema. "Mama Joviale, unasikia? Unga ni muzuri! Ile maji, hakuna beton ya dunia hii ingeweza kuibeba!"

Alimkumbatia. Alikuwa analia na kucheka, akimbana kifuani kwa nguvu, na kilemba cheusi cha msiba kikamtoka Constance na kuanguka kwenye majivu. Yeye alisimama ndani ya mikono ile, akisikiliza, akitafuta katika maneno yote yale neno moja juu ya mdogo wake. Halikuwemo. Tayari Ignace alikuwa amemwachia, ameinama, ameitoa ile chupa ya petroli juu ya madaftari na kuiweka mbali kwa uangalifu, anapekua kutafuta ukurasa mtupu.

"Kaa hapa. Niambie tena, polepole. Tangu bidoni ya kwanza. Saa ngapi, gunia la ngapi. Usisahau kitu."

Constance akakaa, akamwambia. Ignace aliandika bila kuinua kichwa. Jina la Barthélemy lilitajwa mara moja tu, alipouliza ni nani aliyekuwa anachanganya. Akaliandika, akapiga mstari chini yake, kisha akauliza jua lilikuwa kali kiasi gani.